Mchambuzi mpya wa bajeti, usianze na fungu la wanawake

Karibu kila anayeingia kwenye kazi hii ya kuchambua bajeti kwa jicho la jinsia huanza vilevile: anafungua kitabu cha makadirio, anatafuta neno "wanawake", anajumlisha mafungu aliyoyaona na kulalamika kuwa ni kiduchu. Ni kiduchu kweli, lakini usawa wa kijinsia hauamuliwi hapo. Unaamuliwa kwenye mafungu manene yasiyomtaja mwanamke wala mwanamume. Australia, iliyoanza kutoa taarifa ya bajeti kwa wanawake mwaka 1984, ilikuja kuziuliza wizara zote, hata zilizodhani haziwahusu.

Chukua maji. Mradi ukiahirishwa, kitabu kinaonyesha fedha zimeokolewa. Gharama haijaenda popote. Imebebwa na mama na binti wanaochota, na saa zao hazina kasma, yaani mstari wake kwenye bajeti. Wodi ikipunguziwa wauguzi, mgonjwa huruhusiwa mapema na kuuguzwa nyumbani, bila malipo, mara nyingi na mwanamke. Kwa hiyo nakusihi ujifunze kusoma takwimu za matumizi ya muda, zinazoonyesha watu hutumia saa zao kufanya nini, mapema kabisa. Bila hizo utaita akiba kile ambacho kumbe ni mzigo uliohamishwa.

Usiache upande wa mapato. Hadi mwaka 1971, Sweden ilijumlisha kipato cha mke na cha mume, hivyo mshahara wa mke ukakatwa kodi kwa kiwango cha juu tangu senti ya kwanza. Kutoza kila mtu peke yake kuliwapa wanawake wengi sababu ya kuajiriwa. Msamaha wa kodi nao una mitego. Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike mwaka 2018, ikairudisha mwaka uliofuata kwa maelezo kwamba bei haikushuka. Kabla ya kudai msamaha, uliza utaishia mfukoni mwa nani.

Uganda, kwa sheria ya mwaka 2015, inadai cheti cha kuthibitisha kuwa bajeti imezingatia jinsia na usawa kabla haijapitishwa. Naipenda sheria hiyo, ila cheti hupima mipango. Wewe fuatilia kilichoidhinishwa, kilichotolewa na kilichotumika, robo kwa robo. Fedha zikifika mwishoni mwa mwaka, hazijengi kitu.

Na hoja zako zipeleke kabla wizara hazijapewa ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha juu ambacho kila moja inaweza kupanga kutumia. Hotuba ikishasomwa bungeni, kilichobaki kubadilishwa ni kidogo mno.