Kabla hujapanda Coaster ya bendi

Mara yangu ya kwanza kupiga muziki Mafinga, kule kwenye baridi ya Iringa, ilikuwa mwezi wa saba. Nilipanda jukwaani na shati la mikono mifupi, kama niko Kinondoni. Wimbo wa tatu vidole vikagoma. Gitaa la besi nililiacha kwenye gari tangu mchana, limepoa kama chupa ya soda na limetoka kwenye tyuni. Mpiga solo ananikazia macho, mimi nimeinamia nyuzi.

Kwa hiyo mdogo wangu, beba sweta, hata kama Dar unatoka jasho. Chombo ulale nacho chumbani, na ukifika ukumbini kitoe mapema kizoee hewa ndipo ukityuni. Nyuzi zilizokula unyevu wa pwani zina kutu. Badilisha kabla ya safari, na seti ya akiba iwe begini. Kula saa kumi jioni, maana chipsi mayai za usiku wa manane zitakusumbua njia nzima.

Hela: muwe na mtu wenu mlangoni anayehesabu tiketi. Promota mmoja alituapia kwamba watu hawakuingia, na sisi tulikuwa tumeona kwa macho yetu watu wanacheza mpaka nje.

Ila kinachonitisha kuliko vyote ni kuondoka usiku huohuo baada ya shoo. Mnamaliza saa tisa, kiongozi anasema tuwahi Songea. Dereva naye kashinda akibeba spika na sisi, hajafumba jicho. Sote tunajua Mbaraka Mwinshehe alitutoka kwa ajali ya gari, Kenya, Januari 1979, bado kijana kabisa. Tunazipiga nyimbo zake, kisha tunapanda gari na dereva anayesinzia!

Sisi ilitukuta karibu na Makambako. Niliamka kwa sababu gari lilianza kukwaruza changarawe za pembeni. Dereva mikono iko kwenye usukani, kichwa kimelala kifuani. Mwimbaji aliyekaa mbele alimpiga kofi la bega, lori likatupita na honi yake ndefu. Mpaka Njombe hakuna aliyesema neno.

Siku hizi tukifika gesti, chumba cha kwanza kulipiwa ni cha dereva, tena cha nyuma, mbali na baa, na haruhusiwi kushika spika. Mimi na mpiga drumu tunabanana kitanda kimoja. Anakoroma vibaya sana.