Miwani ya uhalisia pepe kazini: maswali yenu

Nasomea kuendesha kreni za kushusha kontena. Miwani hii yaweza kunifunza kazi ya bandari ya Kilindini? (Kijana wa Changamwe)

Yaweza. Miwani hii hufunika macho na kukuonyesha mahali palipotengenezwa kwa kompyuta kana kwamba upo ndani yake, na hapa ndipo inapofaa kuliko kwingine kote. Umekaa juu kwenye kibanda cha kioo, kontena linaning'inia chini yako, kusi ikivuma linabembea, na meli nayo haitulii. Ndani ya miwani mkufunzi anakuletea upepo, mvua na giza. Unakosea, unarudia, na hakuna kibarua aliyeumia gatini. Marubani walianza zamani: Edwin Link wa Marekani alitengeneza mashine yake ya kuigiza urukaji mwaka 1929.

Ila mwanangu, kabla hujalipa karo uliza kama chuo kina kiti na vishikio vilivyo sawa na vya kreni. Kazi hii hukaa mikononi, na miwani mitupu haifundishi mikono. Baada ya hapo bado utahitaji saa nyingi kwenye kreni yenyewe, mzoefu akikutazama.

Nina matrela manne yanayokwenda Malaba. Niwanunulie madereva miwani? (Mfanyabiashara, Miritini)

Wazo ni zuri. Kampuni ya vifurushi ya UPS ya Marekani ilitangaza mwaka 2017 kwamba itafundisha madereva wake hivyo: dereva anaivaa, anaona barabara, anataja kila hatari anayoiona. Shida ni kwamba kule huendesha upande wa kulia. Dereva wetu akizoeshwa kutazama hatari upande usio wake, umemharibu. Tunahitaji picha za barabara yetu, na bodaboda anayechomoka ghafla pale Mariakani. Kuzitengeneza ni gharama kubwa kwa mwenye matrela manne. Zungumza na wenzako mchange. Ningefurahi sana kuliona jambo hilo, kwa jinsi barabara ile inavyotumalizia watu.

Wageni wanataka kuona vyumba kabla ya kulipa. (Mwenye nyumba za kukodisha, Nyali)

Usinunue miwani, dada. Mgeni aliyeko Ujerumani huenda hana, lakini simu anayo. Tafuta mpiga picha mwenye kamera ya digrii 360, ile inayopiga pande zote, apige mchana madirisha yakiwa wazi, kisha picha ziwekwe kwenye tovuti yako. Mgeni azungushe mwenyewe kwa kidole. Onyesha bafu, ngazi na njia ya kwenda ufuoni. Kama jirani anajenga, usifiche.

Mimi ni fundi wa makabati ya jikoni. Yanihusu? (Kisauni)

Kwa sasa, hapana. Mchoro mzuri kwenye simu na vipimo sahihi vinatosha.

Niliijaribu nikashikwa na kizunguzungu. Nina ugonjwa? (Mama wa Tudor)

Huna haja ya hofu, mama, huwapata wengi. Macho yanaona mwendo, sikio la ndani linahisi umetulia, na ubongo unachanganyikiwa. Anza ukiwa umekaa, kwa dakika chache, na uivue mara tu kichefuchefu kinapoanza. Usishike usukani mpaka kiishe kabisa. Mwajiri asimlazimishe mtu kuivaa. Atafute njia nyingine ya kumfunza. Na kwa joto letu hili, sponji inayogusa uso ifutwe kwa dawa kila inapobadilisha mtu, maana jasho la watu kumi kwenye macho yako ni maradhi.