Amnesia: A Machine for Pigs: kwa nini wachezaji waligawanyika, na namna ya kuicheza ukitoka kwenye ya kwanza

Mkuu, umesema umemaliza gemu ya kutisha ya Amnesia: The Dark Descent na unataka kununua ya pili yake, A Machine for Pigs, ila kila ukisoma maoni unakuta mmoja anaisifu kupita kiasi na mwingine anadai wameiharibu. Wote wawili wanasema kweli. Ngoja nieleze kilichobadilika, halafu utajua uko upande gani kabla hujatoa hela.

Ya kwanza ilitoka Septemba 2010, ikatengenezwa na Frictional Games wa Sweden. Ya pili ilitoka Septemba 2013, na waliotengeneza ni The Chinese Room wa Uingereza. Frictional walikuwa wachapishaji tu, huku wenyewe wakitengeneza gemu yao nyingine, SOMA. Hao Chinese Room walikuwa wameshajipatia jina kwa Dear Esther, gemu ambayo unatembea kisiwani ukimsikiliza msimulizi, basi. Hakuna kupigana, hakuna kukusanya kitu. Mtu aliyeona neno Amnesia akanunua bila kuangalia nani kaitengeneza alitegemea kurudi kwenye kasri la Brennenburg pamoja na Daniel, mhusika mkuu wa ya kwanza. Akajikuta London, mwaka 1899 ukielekea ukingoni, ndani ya nyumba ya tajiri wa nyama anayeitwa Oswald Mandus, anayewatafuta wanawe wawili. Hadithi ya Daniel haiendelei. Hasira nyingi za siku za mwanzo zilitoka hapo.

Lakini hata waliojua hilo walilalamika, na lalamiko lao lina uzito kuliko watu wanavyolichukulia.

Kumbuka ulivyokuwa ukifungua droo kwenye ya kwanza. Unashika kitufe cha mausi, unavuta taratibu, ndani unakuta kibiriti, au chupa ya mafuta, au hakuna kitu. Kibiriti kimoja kinawasha mshumaa mmoja au mwenge mmoja wa ukutani, kimekwisha. Chemli inakunywa mafuta muda wote ikiwa inawaka. Ukikaa gizani akili ya Daniel inashuka, ukimtazama zimwi inashuka zaidi, ukitatua fumbo inapanda. Kwa hiyo kila chumba kilikuwa na hesabu yake: niwashe mshumaa wa mlangoni au ule wa mezani? Nipekue vile vyumba viwili vya kando kwa mafuta nisiyo na hakika nayo, au nipite? Zimwi lenyewe hulioni mara nyingi. Kinachokutisha muda wote ni kwamba unajua umebakiwa na nini.

Sasa angalia A Machine for Pigs. Taa ni ya umeme na haiishi kamwe. Vibiriti hakuna, mafuta hakuna. Kipimo cha akili kimeondolewa. Afya inajirudia yenyewe ukitulia. Begi la kuhifadhia vitu halipo: kifaa kinachotakiwa na mashine unakibeba mkononi mpaka unapokipachika, na kwa kawaida mahali penyewe hapako mbali. Vitu vingi vya nyumbani, vitabu, viti, droo, vimegandishwa, huwezi kuvishika. Linganisha na lile sela la mvinyo la Brennenburg, ambako unakusanya kemikali nne chupa moja moja, kisha unazipeleka maabara kuzichanganya upate tindikali ya kuyeyushia ule uchafu ulioziba njia. Fumbo lile lilikulazimisha kurudi mahali ulipokwishaogopa. Kwenye ya pili kurudi nyuma ni nadra.

Kwa maoni yangu, kuondoa mafuta ndilo kosa kubwa kuliko yote. Mwanga usipokuwa na gharama, giza linabaki pambo. Na droo zisipokuwa na kitu cha kukusaidia, huna sababu ya kuingia chumba cha pembeni, kwa hiyo unafuata njia moja tu mpaka mwisho. Ndiyo maana wengi waliiita gemu ya kutembea tu, na siwezi kuwalaumu.

Kipimo cha akili ni suala jingine. Hapo naona The Chinese Room walikuwa na hoja. Kwenye ya kwanza, ukishazoea unagundua kwamba akili ikifika sifuri Daniel anaanguka, anatambaa kidogo, kisha anainuka na safari inaendelea. Picha inapinda na meno yanasagika masikioni, lakini adhabu yenyewe ni ndogo, na mchezaji akishalijua hilo kipimo hakimtishi tena. Frictional wenyewe walikuja kulirekebisha mwaka 2018 walipoongeza ngazi ngumu: akili ikiisha unakufa, gemu haijisevu yenyewe, na kila ukitaka kusevu unalipa vibiriti vinne. Kama bado hujaijaribu ngazi hiyo, ijaribu kabla ya kununua chochote, maana gemu unayo tayari.

Lalamiko la tatu ni mazimwi. Ni machache, na unatembea muda mrefu kabla ya kukutana na la kwanza. Tena taa yako inapepesa zimwi likikaribia. Hiyo ni kengele ya bure. Kwenye ya kwanza ulikuwa unategemea mapigo ya moyo wako na sauti ya mlango unaovunjwa. Hapa unaambiwa mapema, unajificha, yanapita. Aliyekuja kutafuta msako aliondoka na njaa.

Waliosifu nao wana ushahidi. Maandishi ya Dan Pinchbeck na muziki wa Jessica Curry ni vya kiwango ambacho ya kwanza haikufika. Hofu yenyewe imehamishiwa kwenye kuelewa: kila simu inayolia ndani ya nyumba ile, kila ukurasa unaoukuta kiwandani, unakusogeza kwenye jambo ambalo Mandus hataki kulikumbuka, na mashine yote iliyo chini ya jiji inaungana na karne iliyokuwa inakaribia kuanza. Sitasema zaidi. Ila mtu asiyesoma kurasa zile anabaki na korido tu, na wengi walioipa alama mbaya wanaeleza hadithi kwa namna inayoonyesha hawakuzisoma.

Hapa niwaonye wenzangu tunaocheza kwa Kiingereza cha darasani. Lugha ya kurasa hizo ni nzito, ya Uingereza ya zamani, imejaa mafumbo. Washa maandishi ya chini tangu mwanzo na usisome haraka haraka zimwi likiwa jirani. Kurasa zinahifadhiwa kwenye daftari la Mandus, kwa hiyo okota, ondoka eneo la hatari, kisha fungua daftari usome ukiwa umetulia.

Kuhusu mipangilio: hedifoni ni lazima, kwa kuwa sauti za mashine ndizo zinazojenga hofu, na spika za laptopu zinazikata sauti nzito zote. Gama, yaani mwangaza wa picha, iweke kama gemu inavyokuelekeza, usiipandishe. Watu wanaipandisha kwa sababu chumba wanachochezea kina mwanga, halafu wanasema haitishi. Funga pazia au cheza usiku. Ukiwa na laptopu isiyo na kadi ya grafiki, anza kwa kuzima SSAO (vivuli vya ziada kwenye pembe na mipasuko), kisha shusha ubora wa vivuli, na ubora wa picha za kuta uguse mwisho kabisa. Kurasa zenyewe zinahitaji picha safi zisomeke.

Kwenye kucheza, iache taa ikiwaka mahali tulivu ili uone ikianza kupepesa. Ikipepesa tu, bonyeza F uizime, chuchumaa kwa Ctrl, geukia ukuta, subiri hatua zipungue kabisa ndipo usogee. Usikimbie korido ndefu kwa vile tu hujaona kitu, kwani baadhi ya matukio huanza ukishavuka mahali fulani, na ukipita mbio unayakosa. Gemu nzima ni takriban saa nne hadi sita, fupi kuliko ya kwanza. Igawe usiku miwili. Ukiimaliza kwa mkao mmoja ile sehemu ya katikati inachosha.

Uamuzi sasa. Kama kilichokushika Brennenburg ni hadithi ya Daniel na maandishi yake, nunua A Machine for Pigs wala usisite. Kama kilichokushika ni kuhesabu mafuta, iruke. Iruke pia Amnesia: Rebirth ya 2020 kwa sasa: njiti za kiberiti na mafuta vimerudi, na njiti inazimika upesi ukikimbia, jambo zuri, lakini ukikamatwa hufi, unazinduka na safari inaendelea, na wengi wakishaligundua hilo hofu inawatoka.

Nenda moja kwa moja kwenye Amnesia: The Bunker ya 2023. Ni handaki la askari wa Ufaransa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, zimwi moja linalofuata sauti, jenereta inayokula petroli, na tochi ya kuvuta kamba ambayo yenyewe inapiga kelele. Jaza jenereta kabla ya kutoka chumba salama, linganisha saa yako ya mfukoni nayo, na geuza ukiwa umebakiwa na muda wa kurudi. Risasi hazimuui yule zimwi, zinamfukuza kwa muda, kwa hiyo nyingine tumia kuvunjia kufuli ukiwa na uhakika wa mahali pa kukimbilia. Namba za makabati zinabadilika kila ukianza upya, hivyo ile utakayoiona kwenye video ya YouTube haitafungua lako. Vigeuze nyuma vibati vya majina vya wanajeshi waliokufa, namba zimeandikwa humo.