Geuza Kadi Kwanza: Nilivyojifunza Kusoma Picha za Stesheni za Zamani

Postikadi yangu ya kwanza ya stesheni niliinunua mtandaoni kwa muuzaji aliyeko Ujerumani. Mbele kuna jengo la bati, watu watano wamesimama wima kama wanapigwa picha ya pasipoti, na chini maandishi: Bahnhof Korogwe, yaani Stesheni ya Korogwe kwa Kijerumani. Muuzaji aliandika "1900 hivi", nami nikapokea kama nilivyopewa. Nikaibandika kwenye ukurasa wangu: Stesheni ya Korogwe, 1900. Haikupita saa moja, msomaji mmoja akaniuliza kwa upole kabisa: "Kaka, hiyo stesheni ilikuwa inasubiri nini, wakati reli imefika Korogwe 1902?"

Alikuwa sahihi. Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893, ikafika Muheza 1896, halafu kampuni iliyokuwa ikiijenga ikaishiwa fedha. Serikali ya kikoloni ya Wajerumani iliichukua 1899, ndipo kazi ikasogea tena. Moshi ilifikiwa 1911. Miaka hii sasa nimeiandika kwenye karatasi juu ya meza yangu, pamoja na ya Reli ya Kati: ilianzia Dar es Salaam 1905, ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914. Kwa upande wa Kenya, reli ilianzia Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Ukiletewa picha ya treni Tabora ya mwaka 1908, huna haja ya kubishana na mtu, mwonyeshe karatasi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba jibu nilikuwa nalo mkononi. Sikuwa nimegeuza kadi. Nyuma kulikuwa na stempu ya heller, sarafu ndogo ya koloni lile, na stempu za heller zilianza kutumika Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1905. Kabla ya hapo stempu zilikuwa za "pesa", jina la sarafu ndogo ya wakati ule, 64 kwa rupia moja. Isitoshe, upande wa nyuma ulikuwa na mstari katikati, kushoto barua, kulia anwani. Ujerumani iliruhusu mgawanyo huo 1905. Kadi za kabla yake nyuma ni anwani tupu, na mwandishi alilazimika kubana salamu zake pembeni mwa picha, mara nyingine juu ya mbingu yenyewe. Kwa hiyo nikikuta wino umepita juu ya paa la stesheni siuoni tena kama uharibifu.

Ila usikimbilie muhuri wa posta ukadhani umepata mwaka wa picha. Muhuri unakuambia kadi ilitumwa lini, basi. Picha inaweza kuwa imepigwa miaka mingi nyuma, kadi zikakaa dukani, zikauzwa polepole. Mimi siku hizi naandika hivi: "kati ya 1902 na 1909", mwaka wa kwanza nikiutoa kwenye reli na wa pili kwenye muhuri. Haivutii kama mwaka mmoja mnene, lakini hakuna anayeniuliza tena maswali ya upole.

Kwa picha za baadaye, soma ubavu wa behewa. Herufi EAR&H zinakuweka baada ya 1948, Reli na Bandari za Afrika Mashariki zilipounganishwa. Bandari zilitengwa 1969, ikabaki EAR, nayo ikasambaratika pamoja na Jumuiya mwaka 1977. Ukiona TRC, uko kwenye Shirika la Reli Tanzania, lililozaliwa baada ya hapo. Na picha ya Kenya yenye kichwa kile kikubwa cha moshi cha aina ya Garratt, daraja la 59, vile vilivyopewa majina ya milima, haiwezi kuwa ya kabla ya 1955. Kimoja chao, Mount Gelai, kipo kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Nenda ukasimame karibu nacho, ndipo utajua kwa nini mpiga picha alirudi nyuma hatua ishirini.

Tahajia nayo inasaidia kutafuta. Mimi nilihangaika na "Muheza" wiki nzima bila kupata kitu, kumbe Wajerumani waliandika Muhesa. Dar es Salaam ni Daressalam, Moshi ya stesheni ni Neu-Moschi, na Kisumu kwenye kadi za mwanzo ni Port Florence. Ukizijua hizi, hazina inafunguka: picha za kikoloni za maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt, mkusanyo wa Winterton wa chuo cha Northwestern kule Marekani, na picha za Walther Dobbertin, mpiga picha aliyekuwa na kazi yake Dar es Salaam, ambazo hifadhi ya nyaraka za taifa ya Ujerumani imeziweka wazi mtandaoni. Zote unaziona bure, kwa hiyo usianze na kununua. Mimi nilianza na kununua, na mke wangu bado ananikumbusha.

Rangi usiziamini. Kadi nyingi za rangi za wakati ule zilikuwa picha nyeusi na nyeupe zilizopakwa rangi kiwandani Ulaya, na aliyeshika brashi hajawahi kuiona Tanga. Paa jekundu linaweza kuwa limezaliwa Leipzig. Maelezo ya chini nayo nakili kama yalivyo, hata yakiwa ya dharau, kisha andika yako pembeni. Kadi hizi zilitengenezwa zinunuliwe na Mzungu awatumie ndugu zake, ndiyo maana jengo lina jina na wale watu watano hawana.

Kuhusu utunzaji nitasema machache. Skani pande zote mbili, pointi 600 kwa inchi, na usikate kingo nyeupe, maana jina la mchapaji huwa pale. Usipige lamination. Albamu za kunata, zile za plastiki ya kufunua, zimeua picha nyingi za familia kuliko mvua. Ukitaka kuandika nyuma, tumia penseli laini. Na ukienda kupiga picha ya sasa, usitoe simu kabla hujamwona stesheni masta. Mimi hubeba nakala ya picha ya zamani. Nikiiweka mezani, mara nyingi masta mwenyewe ndiye anayetoka kunionyesha mpiga picha alisimama wapi.

Lakini hakuna kitabu wala tovuti iliyonifundisha kama mzee mmoja mstaafu wa reli, niliyemfuata kwenye kota kwenye stesheni ndogo kati ya Korogwe na Mombo. Nilimpa shikamoo, akaitika, akavaa miwani, akaitazama kwa muda mrefu nakala yangu ya kadi nyingine, ya stesheni hiyo ndogo. Nilikuwa na picha ile miezi minne.

"Mwanangu," akasema, "hapa ni kwetu, lakini umepaweka kinyume."

Nikamwambia sijapagusa, ndivyo ilivyochapwa.

"Basi aliyechapa ndiye kapinda. Ukilitazama jengo, milima ikiwa nyuma yake, Mombo iko wapi?" Akanyoosha mkono wa kushoto. "Tangi la maji lilikuwa upande wa Mombo. Nimelipanda mwenyewe. Kwako limehamia Tanga."

Nilirudi nyumbani nikaikuza ile skani mpaka mwisho. Kwenye kona kulikuwa na behewa la mizigo lenye kitu nilichokuwa nakihesabu kuwa ni uchafu. Ilikuwa namba, imeandikwa kinyumenyume. Mchapaji aliiweka negativu upande usio wake, na dunia nzima ikainunua hivyo.

Niliigeuza kwenye kompyuta, nikaichapa kubwa, nikampelekea. Ameitundika sebuleni juu ya redio. Tangi liko upande wa Mombo.