Rangi ya baridi kwenye kivuli

Swali: Bustani yangu iko chini ya miti, jua la kubahatisha, baridi ikianza hamna ua hata moja. Helebora, yale maua yanayochanua msimu wa baridi, zitakubali hapo?

Jibu: Zitakubali sana, hapo ndo penyewe, hasa kama miti yenyewe inapukutisha majani. Changanya mboji ya kutosha, maji yasituame, halafu usizike shina chini sana maana likizama maua yanagoma. Kwa zile chotara za orientalis (aina moja ya helebora), machipukizi ya maua yakianza kuchungulia kata majani ya zamani yenye madoa meusi, utaona vichwa vyeupe, pinki, zambarau vimeinama na vinadumu wiki kibao, kwa sababu zinazoonekana kama petali ni sepali, yaani vile vijani vya nje vinavyofunika chipukizi la ua, hazipukutiki haraka. Ila vaa glavu jamani, utomvu unawasha na mmea wote ni sumu, watoto wasiuchezee.