Shahada na uzoefu wa miaka mitano kwa kazi ya stoo?

Mkuu, umeuliza kama ukiondoa sharti la shahada na uzoefu wa miaka mitano utajaziwa watu wasiojua kazi. Nimeajiri watunza stoo na makarani kwa muda mrefu, na jibu langu ni hapana. Ila kuchuja kutakuwa kazi yako sasa, si ya chuo.

Kabla ya kuandika tangazo, kaa na anayeifanya kazi hiyo leo, muorodheshe anachofanya toka asubuhi hadi jioni. Mtunza stoo wetu anapokea mzigo, anahesabu, anajaza leja, anabishana na dereva mzigo ukipungua. Shahada inaingia wapi hapo?

Kwenye usaili tunampa mwombaji hati ya mzigo, leja ya jana na mzigo wenyewe, kisha tunamwacha nusu saa. Hati inahesabu kwa katoni, leja kwa pisi. Dada mmoja aliyeishia sekondari hakugusa kalamu kwanza. Alifungua katoni, akahesabu vilivyomo, ndipo akauliza, "Huyu wa jana alikuwa anaandika katoni au pisi?" Mwenzake mwenye shahada ya biashara alijumlisha safi kabisa, katoni na pisi pamoja. Tukamchukua dada, na hadi leo ndiye anayefundisha wageni.

Utafiti unaunga mkono. Mwaka 1998 Schmidt na Hunter, watafiti wa saikolojia ya kazi, walikusanya tafiti za miaka 85: jaribio la kazi yenyewe lilihusiana na utendaji kwa 0.54 (0 ni hakuna uhusiano, 1 ni uhusiano kamili), miaka ya uzoefu 0.18, miaka ya masomo 0.10. Hesabu mpya za 2022 zimeshusha namba nyingi, lakini miaka ya uzoefu imebaki mkiani. Kwa hiyo usiulize "miaka mingapi", uliza amewahi kufanya nini na akuoneshe.

Daktari au mhandisi ni suala jingine, leseni ni ya kisheria.

Kufuta mstari wa shahada kwenye tangazo pekee hakutoshi. Uchambuzi wa Marekani wa 2024 ulikuta kwamba mabadiliko haya yaligusa chini ya mtu 1 kati ya 700 walioajiriwa, kwa sababu waajiri wengi waliendelea kuchagua kama zamani. Wanaopitia wasifu wapewe fomu isiyo na sehemu ya elimu, wasahihishe jaribio bila kuona majina. Na ukimpata asiye na shahada, mlipe mshahara wa nafasi ile ile, usimkate kwa sababu ya cheti.