Nilikopi Bei ya Mwaka Jana, Mzee Akapakia Gunia 32

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Singida kaniandikia saa tano usiku: "Dada, mambo vipi. Nimeona ukurasa wako wa bei za mazao. Na mimi nataka kufungua wangu, nitakuwa nachukua habari za kwenye tovuti nyingine naweka. Simu ninayo, bando ninalo. Nianzie wapi, na nitaanza kulipwa lini?"

Nikamjibu kwamba nitamwandikia vizuri kesho yake. Kesho hiyo imechukua siku sita, na kwa kuwa ujumbe wa namna hiyo naupata karibu kila mwezi, nimeona nijibu hapahapa kila mtu asome.

Najua wengi wenu mna hamu hiyohiyo. Ajira hakuna, au ipo lakini mshahara unaishia tarehe kumi, mtaji huna, ila una macho na unajua kusoma haraka. Unaona habari nzuri zimetawanyika mtandaoni kama karanga zilizomwagika, mkono unawasha kuziokota. Mimi nilianza hivyohivyo.

Nina steshenari ndogo Majengo hapa Dodoma, karibu na soko. Mwaka 2019 wafanyabiashara wa nafaka walikuwa wakija niwatolee kopi ya lile jedwali la bei za jumla za mazao ambalo wizara inayohusika na biashara huweka kwenye tovuti yake. Jedwali lenyewe maandishi madogo kama chawa, mikoa kibao, safu kibao. Siku moja mama mmoja muuza karanga akalipokea, akalitazama kwa mbali, akalisogeza puani, akanirudishia. "Mwanangu, mimi Bukoba sina shughuli nako. Nichagulie Dodoma na Singida tu, uniandikie kwa herufi kubwa."

Nikamwandikia kwa kalamu ya wino mzito, mistari sita. Akanipa mia tano badala ya mia mbili. Jioni hiyo nilianza kufikiria ukurasa.

Mambo ya kununua jina la tovuti na kupigana na WordPress nayaruka, YouTube imejaa mafundisho. Ila usiruke suala la leseni. Kanuni za maudhui mtandaoni zilipotoka 2018, ukijumlisha ada ya maombi, ya leseni na ya mwaka, ilikuwa inazidi milioni mbili, na blogu nyingi zilizimwa na wenyewe. Kanuni zimeshabadilishwa tangu hapo. Mimi niliingia ofisi ya Kanda ya Kati ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, kwa miguu yangu nikauliza aina ya kitu ninachotaka kufanya kinahitaji nini. Na wewe nenda ukaulize, usisikilize watu wa kwenye magrupu.

Sasa nikiri. Yule mama aliniambia nichague, na mimi nikamsahau ndani ya miezi mitatu. Niliona watu wanaposti mara kumi kwa siku, nikaingia tamaa. Nikawa nafungua tovuti ishirini asubuhi, nakopi, napesti, nabadilisha kichwa cha habari, natupia. Jina la chanzo siweki, nikidhani ukiweka watu watahamia huko. (Bado kuna wakubwa wa kazi hii wanaofikiri hivyo.) Mwezi Oktoba mmoja nikapandisha utabiri wa mvua za vuli kwa mbwembwe, "Wakulima jiandaeni!" Mzee mmoja akaandika chini yake: "Huku kwetu Ugogo vuli ipi, mwanangu?" Watu walicheka siku mbili. Mtoto wa mkulima wa Kongwa mimi, nimelala njaa kwa kuchelewa mvua, nasahau kwamba vuli na masika ni za Pwani, Kaskazini na kanda za namna hiyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa inautolea ukanda wetu utabiri wake peke yake, wa mvua za msimu, Novemba hadi Aprili. Nilikuwa nimechukua wa wenzetu na kuwavisha watu wa Dodoma.

Hilo lilikuwa la kuchekesha. Linalofuata halichekeshi.

Juni 2024, mavuno yameanza, nikaona kwenye tovuti moja habari kwamba gunia la mahindi Kibaigwa limefika 105,000. Kibaigwa ndilo soko letu kubwa la nafaka, pale kwenye barabara ya Morogoro, kwa hiyo habari ya hapo inasomwa. Sikuuliza. Nikapandisha ndani ya dakika tano, na ikasomwa kuliko posti zangu zote za mwezi ule. Nilifurahi, nikawaonyesha wateja pale dukani.

Siku nne baadaye simu ikaita, namba nisiyoijua.

"Wewe ndiye mwenye ukurasa wa bei?"

"Shikamoo. Ndiyo mimi, mzee."

"Marahaba. Sasa binti yangu, hiyo laki moja na elfu tano uliiona wapi?"

Nyuma yake nilisikia lori linaunguruma na watu wanacheka. Alikuwa amesimama Kibaigwa na gunia 32. Mnunuzi alikuwa amemfuata hukohuko kijijini upande wa Mpwapwa, akampa 55,000, mzee akakataa, kwa sababu mjukuu wake alimsomea ukurasa wangu. "Nikasema hata kama wamezidisha, themanini haikosi." Akakodi Fuso, elfu nne kila gunia. Sokoni wakampa 54,000.

Nilikuwa natafuta posti yangu kwenye kompyuta huku nikimwambia, "Subiri mzee, subiri kidogo," na vocha yake ikaisha. Nikampigia. Akasema, "Basi, nimeshauza," akakata yeye mwenyewe.

Piga hesabu: elfu moja kwa kila gunia, elfu nne za usafiri, mara 32. Laki moja na sitini, bila kupakia, kushusha wala ushuru. Namba yake nimeihifadhi kwa jina la "Mzee Gunia 32". Hajawahi kunipigia tena, na mimi nimeshika simu mara kadhaa nikashindwa kujua nianzie wapi.

Usiku ule nikafuatilia ile habari ilikotoka. Tovuti niliyokopi ilikuwa imekopi kwenye nyingine, na hiyo nyingine imekopi kwenye nyingine tena, kila mmoja anafuta tarehe na kuweka ya siku yake. Chini kabisa nikaikuta habari yenyewe: Februari 2023. Ilikuwa kweli kabisa, ila ya mwaka uliotangulia. Mahindi yalikuwa juu wakati ule, hata mimi nakumbuka bei ya sembe. Katika wote tuliopitisha ile habari hakuna aliyetunga bei. Tatizo, hakuna aliyeisoma vizuri.

Tangu siku hiyo nina sheria moja, na ukichukua hii tu umechukua yote: sipandishi kitu mpaka nimefika kinakoanzia na nimeona tarehe yake kwa macho. Kama ni bei, natafuta aliyeipima. Kama ni utabiri, natafuta taarifa ya Mamlaka yenyewe, siyo gazeti lililoinukuu wala blogu iliyoinukuu gazeti. Nikikosa, naacha. Tovuti ishirini za asubuhi zimebaki saba. Posti kumi za siku zimekuwa tatu za wiki.

Na kila posti naongeza kitu changu, hata mstari mmoja. Mfano jedwali la wizara linahesabu gunia la kilo 100, tena ni bei ya jumla kwenye masoko ya mjini. Kijijini gunia ni debe sita, na dalali akija na lumbesa yake inafika saba kwa bei ileile, ingawa sheria ya vipimo inakataza. Mkulima akisoma namba ya mjini akaichukua kama bei ya shambani kwake, anagombana na mnunuzi bure. Kwa hiyo chini ya jedwali naandika: hii ni bei ya mjini, ya kilo mia, toa usafiri na ushuru. Kisha Jumamosi asubuhi nampigia baba Kongwa, anaulizia wenzake wanaoshinda sokoni, naweka wanachosema pembeni ya namba ya serikali. Mara nyingi havilingani, na watu wanaufuata ukurasa kwa sababu ya pale visipolingana.

Ngoja nieleze na linaloniuma, halafu niliache. Mwaka jana ukurasa mmoja mkubwa wa Dar ulianza kuchukua jedwali langu kila Jumamosi. Nilijua kwa sababu wiki moja niliandika "Kibagwa" kwa haraka, na wao wakaandika "Kibagwa". Wiki iliyofuata wakachukua mpaka sentensi yangu ya mwisho: "Nimempigia baba leo asubuhi, anasema mahindi yameanza kupungua sokoni." Yaani vijana wa Dar, ofisi yenye kiyoyozi, wamempigia baba! Nilimsomea mwenyewe, akauliza kama watamtumia hata vocha. Niliwaandikia mara mbili, kimya. Nikaumwa kichwa. Halafu nikakumbuka mimi mwenyewe nilivyokuwa 2020, nikaacha kuwaandikia. Lakini bado nakasirika, sitasema uongo.

Kisheria mambo yako hivi, kwa lugha ya steshenari. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 hailindi habari ya siku kama habari: kwamba mahindi yameshuka ni mali ya kila mtu. Namna mwandishi alivyoisimulia na picha aliyopiga mpiga picha, hizo zina mwenyewe. Kunukuu kipande kwa kiasi na kutaja chanzo ruksa. Kubeba makala nzima, hapana. Mimi nilishawahi kubandika picha ya shamba la zabibu, mwenyewe akaniandikia kwa hasira nami nikaitoa siku hiyohiyo. Sasa picha napiga mwenyewe, mbaya mbaya hivyohivyo, kidole kinaonekana.

Zipo tovuti zinazoruhusu wazi uzichukue ukitaja jina lao. Global Voices ni mojawapo, na wana ukurasa wa Kiswahili. Wale Ethan Zuckerman na Rebecca MacKinnon waliianzisha 2004 kwa kazi hiihii unayoitamani: kukusanya waliyoandika wanablogu wa nchi mbalimbali, kuyatafsiri, kuyaeleza, na kumrudisha msomaji kwa mwenyewe. Ndesanjo Macha wetu, miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kublogu kwa Kiswahili, aliwaandikia. Kwa hiyo asikudharau mtu kwamba kukusanya siyo kazi. Ni kazi, ila mpambe wa bi harusi hajifanyi bi harusi. Taja chanzo juu, siyo chini kwa herufi za kijivu. Weka linki. Mwache msomaji aende, atarudi, kwa sababu wewe ndiye uliyemwonyesha njia.

Vijana, tuache uvivu wa kujiita wabunifu. Unabeba jasho la mtu, unalipiga muhuri wako, ukishakopiwa wewe unalia. Andika tarehe. Andika chanzo. Hujaona tarehe? Usiposti. Hujui chanzo? Usiposti. Kuna mzee mahali anasomewa na mjukuu wake, na yeye hana tabu ya kuhakiki, anakuamini tu. Tarehe, jamani. Tarehe.

Kuhusu kulipwa. Matangazo ya mtandaoni hayajanilipa hata hela ya umeme. Pesa yangu ya kwanza ilikuja mwaka wa tatu, muuza pembejeo mmoja wa hapa mjini alipotaka tangazo la mbegu zake likae chini ya jedwali, elfu hamsini kwa mwezi. Sasa wapo wanne. Steshenari sijafunga na sitafunga, hapo ndipo nasikia watu wanauliza nini, na yule mama wa karanga bado anakuja na bado hataki habari za Bukoba.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Singida, usianze na tovuti. Anza na mtu mmoja unayemjua, mwenye shida moja, labda mjomba wako anayelima alizeti au mama wa vitunguu hapo mtaani. Mchagulie yeye kwa mwezi mzima, mtumie WhatsApp, uone kama siku ukichelewa atakuuliza. Akikuuliza, ndiyo ununue jina la tovuti. Posti yako ya kwanza nitumie nitaisoma, na ukichukua jedwali langu andika lilikotoka.

Namba ya baba usiniombe. Tafuta wa kwako.